Jinsi ya Kupanda Mlima kwa Nusu Siku Karibu na Jiji Kubwa

Wanaotaka kupanda mlima kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale: nivae nini, nibebe maji kiasi gani, niondoke saa ngapi, na je, nitaweza? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa safari yenyewe, tangu siku ya kuchagua mlima hadi utakapofika tena chini. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye afya ya kawaida, aliye katika jiji lenye mlima jirani, ambaye ana asubuhi moja au alasiri moja tu ya kutumia huko.

Katika safari fupi kama hii, kinachoamua kama utafurahi au utateseka ni saa kuliko urefu wa mlima. Lion Rock wa Hong Kong una mita 495 na Takao, ulio magharibi mwa Tokyo, una mita 599. Wapandaji wazoefu wangeiita vilima, lakini giza huingia huko kama linavyoingia kwingine kokote. Isitoshe, ukaribu wa jiji hudanganya. Mtu anayeyaona maghorofa chini yake huamini kwamba msaada uko jirani, ilhali kutoka begani mwa mlima hadi barabarani huweza kuwa mwendo wa saa nzima, na kumteremsha mtu aliyevunjika mguu ni kazi ya saa kadhaa hata kwa waokoaji wenye machela.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Viatu vyenye soli yenye meno, ambavyo umekwisha kuvitembelea kwa siku kadhaa. Si lazima viwe buti. Raba imara zinatosha kwenye njia nzuri. Kinachotakiwa ni nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole vyako, kwa sababu wakati wa kushuka mguu huteleza mbele ndani ya kiatu.
- Soksi za sufu au za nyuzi zinazokauka upesi, pamoja na jozi moja ya akiba.
- Maji, kwa kipimo cha nusu lita kwa kila saa ya mwendo, na zaidi kidogo kukiwa na joto kali.
- Chakula kisichohitaji kupikwa wala kuandaliwa: karanga, matunda makavu, mkate.
- Koti jepesi la kuzuia mvua na upepo, hata kama asubuhi imekucha bila wingu.
- Kofia na mafuta ya kukinga jua. Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ubaridi wa upepo hukufanya usitambue kwamba unaungua.
- Tochi ya kuvaa kichwani, hata kama unaondoka alfajiri na unatarajia kurudi adhuhuri. Hiki ndicho kifaa ambacho wageni wa milima hukiacha nyumbani kuliko kingine chochote.
- Simu iliyojaa chaji, betri ya akiba na filimbi.
- Plasta, bendeji ya kunyumbulika, na dawa unazotumia kila siku kama zipo.
- Mfuko wa taka.

Vyote hivi huingia katika begi dogo la mgongoni. Likiwa kubwa, utalijaza vitu usivyovihitaji.

Hatua kwa hatua

1. Chagua njia kwa kutazama namba mbili: umbali wote wa kwenda na kurudi, na jumla ya mita utakazopanda. Urefu wa kilele peke yake haukuelezi mengi. Monserrate wa Bogotá una mita 3,152, lakini jiji lenyewe limekaa katika mita 2,600 hivi, kwa hiyo upandaji wenyewe haufiki mita 600. Table Mountain wa Cape Town una mita 1,086 tu, na bado njia ya Platteklip Gorge hukupandisha takribani mita 700 kwa umbali wa kilomita tatu hivi, karibu wote ukiwa ngazi za mawe. Kwa miguu, mlima huo mfupi ndio mgumu zaidi. Kwa mapafu, Bogotá ndiko kugumu zaidi, kwa sababu hewa yake ni nyepesi, na aliyefika jana kutoka pwani afadhali asubiri siku mbili au tatu.

Kwa safari ya kwanza, tafuta njia isiyozidi kilomita 8 kwenda na kurudi, na yenye mwinuko usiozidi mita 600. Napendekeza pia njia ya kwenda na kurudi palepale badala ya njia ya mzunguko. Wengi huiona ya mzunguko kuwa tamu kwa sababu hairudii mandhari, lakini ina kasoro moja kubwa: ukishapita nusu yake, kurudi nyuma hakukupunguzii chochote, na nusu iliyobaki ni njia usiyoijua. Hakikisha pia kwamba hifadhi iko wazi siku hiyo, na kwamba hakuna kibali kinachotakiwa wala sehemu ya njia iliyofungwa.

2. Piga hesabu ya muda. Mpandaji wa Uskoti aitwaye William Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo mpaka leo inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ilipimwa kwa watu wenye miguu mizuri wasiopumzika, kwa hiyo anayeanza aongeze nusu ya jibu atakalopata. Tuchukue njia ya kilomita 8 yenye mwinuko wa mita 600. Umbali unakupa saa 1 na dakika 36, mwinuko unaongeza saa 1, jumla saa 2 na dakika 36. Ukiongeza nusu yake, unapata karibu saa 4 za kutembea. Ukiweka na dakika 45 za kukaa kileleni, safari nzima haitimizi saa 5.

Onyo: kanuni hii haihesabu ugumu wa kushuka. Mteremko mkali wenye mawe yasiyotulia huweza kukuchukua muda uleule uliotumia kupanda.

3. Weka saa ya kugeuka, na uiandike. Hii ndiyo hatua ambayo ningeomba usiiruke hata kama utaruka nyingine zote. Saa ya kugeuka ni saa utakayoanza kurudi popote utakapokuwa, uwe umefika kileleni au la. Kwa mfano wa hapo juu, ukianza kupanda saa 1 asubuhi, utafika juu karibu saa 3:45. Ukikaa kidogo, saa yako ya kugeuka ni 4:30 asubuhi, na utakuwa chini kabla ya saa 6 mchana. Itangaze kwa wenzako wote kabla ya kuanza, kwa maana kilele kikishaonekana, kila mtu huona kwamba dakika 20 zaidi si kitu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Saa ikiwa imekubaliwa mapema, hakuna anayelazimika kulisema neno hilo.

Anayepanda alasiri ahesabu kwa kurudi nyuma. Tafuta saa ya jua kuzama siku hiyo, ondoa saa moja ya tahadhari, kisha ondoa muda wa kushuka. Hapo ndipo ilipo saa yako ya kugeuka. Karibu na Ikweta jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, lakini giza huingia upesi, takribani nusu saa baada ya jua kuzama. Cape Town jua la Juni huzama kabla ya saa 12 jioni na la Desemba karibu saa 2 usiku, hivyo maelezo uliyopewa na aliyepanda katika majira mengine yanaweza kukuingiza matatani. Chini ya miti mikubwa au upande wa mlima uliolipa jua kisogo, punguza nusu saa nyingine.

4. Soma utabiri wa hali ya hewa wa mlimani, si wa jijini. Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na upepo huongeza makali ya baridi hiyo. Soma jioni ya kuamkia safari, kisha usome tena asubuhi. Kukitabiriwa radi, ahirisha. Mvua nyepesi inavumilika, radi haina mazungumzo. Ukungu nao haufai kupuuzwa: juu ya Table Mountain, upepo wa kusini-mashariki huleta wingu linalokifunika kilele chote kwa muda mfupi, na huweza pia kusimamisha gari la kamba. Kwa hiyo usipande mlima wowote kwa matumaini kwamba utashushwa na gari la kamba. Panda ukiwa na maji, muda na miguu ya kushukia.

5. Andaa simu na uache taarifa. Pakua ramani ya eneo hilo ili isomeke bila intaneti, kisha izime data na uifungue ukiwa nyumbani kuhakikisha inafanya kazi. Hifadhi namba ya dharura ya mahali hapo. Namba 112 hufanya kazi katika nchi nyingi, lakini walinzi wa hifadhi mara nyingi huwa na namba yao. Mwandikie mtu mmoja asiyekwenda nawe mambo manne: jina la njia, mahali unapoanzia, saa unayotarajia kurudi, na saa ambayo, ikipita bila kukusikia, aombe msaada.

Nenda na wenzako wawili au watatu ikiwezekana. Mtu mmoja akiumia, mmoja hubaki naye na mwingine hufuata msaada. Baadhi ya milima iliyo karibu na majiji ina vibaka pia, na kundi dogo huwakatisha tamaa. Waulize walinzi wa langoni ni sehemu gani za kuepuka; wao hujua kuliko ramani.

6. Anza taratibu kuliko unavyotaka. Katika dakika 20 za mwanzo mwili bado haujapata moto, na karibu kila anayeanza huondoka kwa kasi ya barabarani, akaishiwa pumzi kabla ya robo ya njia. Kipimo ni rahisi: uweze kutamka sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa, punguza mwendo badala ya kusimama, kwa sababu hatua fupi zisizokatika huchosha kidogo kuliko kukimbia na kupumzika. Baada ya dakika hizo 20 simameni pamoja mara moja, vueni nguo ya ziada kabla ya jasho kuilowesha, na mkaze upya kamba za viatu. Aliye polepole kuliko wote atembee mbele. Akiachwa nyuma, kila akiwafikia wenzake wao ndio kwanza wanainuka kuendelea, na yeye hapumziki kamwe.

7. Kunywa na kula kabla ya kuhisi haja. Mafunda machache kila dakika 15 au 20 yanafaa kuliko nusu chupa kwa mkupuo mmoja. Kula kidogo kila saa. Ukiona nusu ya maji imekwisha kabla hujafika kileleni, hiyo nayo ni saa ya kugeuka.

8. Kila njia panda, simama na utazame nyuma. Njia unayoipanda haifanani na ileile ukiishuka, na wengi hupotea wakati wa kurudi kwa sababu hawakuwahi kuiona kutoka juu. Piga picha ya makutano ukielekea ulikotoka. Tazama ramani hapo, wala usingoje mpaka uwe na shaka. Ukiona kijia kinachokata kona, kiache: mara nyingi kimechimbwa na maji ya mvua na huishia kwenye genge, na kila anayekipita huharibu udongo wa mteremko.

9. Kileleni, vaa kwanza. Mwili uliolowa jasho hupoa haraka mno ukisimama kwenye upepo, kwa hiyo koti litoke kabla ya simu. Kisha kaa. Ni ajabu jinsi watu wanavyopanda saa mbili ili wapige picha kwa dakika tatu na kuondoka. Kwenye vilele vinavyojaa watu, kama Baegundae wenye mita 836 katika hifadhi ya Bukhansan jijini Seoul, sogea kando ya foleni ya wapiga picha, utafute mwamba mpana mbali na ukingo, na ule ukiwa umeuelekeza uso wako upande ambao jiji halipo; ni mandhari ambayo usingeweza kuiona kutoka dirishani kwako. Maganda ya matunda nayo yaingie kwenye mfuko wa taka, kwa sababu huchukua muda mrefu kuoza katika baridi ya juu.

10. Shuka ukijua kwamba kazi haijaisha. Wakati wa kushuka miguu imechoka, akili imekwisha kufika nyumbani, na msuli wa paja hufanya kazi ngumu ya kuuzuia uzito wa mwili kila hatua. Kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo ili vidole visigonge mbele, kunja magoti kidogo, na weka hatua fupi, unyayo wote ukigusa chini. Usiegemee nyuma kwa hofu. Uzito ukibaki nyuma ya miguu, kisigino huteleza na unakalia mawe. Kokoto ndogo juu ya mwamba mgumu na mizizi iliyolowa ndizo huangusha watu kuliko sehemu zinazotisha kwa macho. Wapishe wanaopanda mahali penye ufinyu.

Mambo yakienda kombo

Mguu unawaka moto mahali pamoja. Simama papo hapo, hata kama umebakiza dakika 10 kufika. Hilo ni lengelenge linalotaka kutokea. Vua kiatu, kausha ngozi, bandika plasta bila mikunjo, badilisha soksi. Likiwa limekwisha kutokea, usilipasue njiani, lifunike tu.

Kifundo kimeteguka. Usikivue kiatu haraka, kwa kuwa mguu ukivimba hakitavaliwa tena. Kaa dakika 10, kisha jaribu kusimama. Ukiweza kutembea hatua kadhaa, funga bendeji, mgawie mwenzako begi lako na mshuke polepole. Ukishindwa kuukanyagia kabisa, vaa nguo zote ulizo nazo, keti juu ya begi ili ardhi isikunyonye joto, na uombe msaada ukingali na mwanga.

Njia imepotea. Acha kutembea. Kosa la kawaida ni kuendelea kushuka kwa imani kwamba kila bonde litakufikisha jijini, kumbe mabonde ya milimani huishia kwenye maporomoko na magenge. Fungua ramani, tazama picha zako za njia panda, na urudi kwa njia uliyojia hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo. Usipopapata ndani ya nusu saa, baki mahali pa wazi na upige simu.

Ngurumo zinasikika. Hesabu sekunde kati ya mwako na mngurumo, ugawe kwa tatu. Jibu ni umbali wa radi kwa kilomita. Sekunde 30 au pungufu ya hapo ina maana kwamba uko katika hatari. Shuka kutoka kileleni na mgongoni mwa mlima, kaa mbali na mti uliosimama peke yake na vyuma vya uzio, watu wasisongamane, na msirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kichwa kinauma na kichefuchefu kimeanza. Chini ya mita 2,000 sababu huwa mara nyingi ni jua, njaa au upungufu wa maji: kaa kivulini, kunywa, kula kitu chenye chumvi, pumzika. Zaidi ya mita 2,500 chukulia kwamba ni ugonjwa wa kimo mpaka ithibitike vinginevyo, na tiba yake ni kushuka. Maumivu ya kifua hayasubiri kimo chochote. Piga namba ya dharura.

Mwanga unakwisha na bado uko juu. Nyosha mkono mbele yako, ukunje kiganja na ukiweke kwa ulalo chini ya jua: kila kidole kati ya jua na upeo wa macho ni kama dakika 15. Vidole vinne vikijaa, una saa moja hivi. Vaa tochi kabla ya giza kuingia, punguza mwendo kwa nusu, na msiachane. Usitumie simu kama tochi isipokuwa huna budi, kwa sababu chaji hiyo ndiyo itakayopiga simu.

Simu haina mtandao. Sogea kwenye sehemu iliyo wazi inayoelekeana na jiji, ujaribu ujumbe mfupi wa maandishi, ambao mara nyingi hupita mahali ambapo sauti haipiti. Ukishindwa, tumia filimbi au tochi: ishara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha rudia. Ukijibiwa kwa ishara tatu kwa dakika, umesikika. Endelea kutoa ishara mpaka wakufikie, na usiondoke ulipo. Iwapo umechelewa tu na hujaumia, yule uliyemwachia taarifa ndiye wa kwanza kumtumia ujumbe mtandao unaporudi, kabla hajawaita waokoaji.